Ndoa ya Barumbu

Mtaani kwetu Kabondo mtu akipata safari ya nchi za nje hasemi. Utajua siku ambayo tayari yuko huko, amesimama mbele ya jengo refu amevaa koti zito, na picha imeshazunguka kwenye simu za watu. Kabla ya hapo atafagia ua wake kama kawaida, atakuomba chumvi, atakuuliza habari ya mguu wako. Ukimwuliza ana mpango gani mwaka huu, atakujibu kwamba wanabaki hivi hivi na Mungu. Wanasema ulimi wa watu unafunga njia. Mimi ni fundi wa kushona, cherehani yangu iko barazani, naiona barabara yote. Waislamu wenzangu na majirani zangu Wakristo hawapatani kwa mengi, lakini katika hili la kuficha safari wanafanana kama vifungo vya shati moja.

Nitaanza na jambo ambalo sisi wa mtaani tulilijua mwisho, maana sipendi kumzungusha mtu. Chancelle, binti wa Mama Angèle wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amepata bourse, nafasi ya kusomeshwa nje. Serikali yetu na ile ya Moroko zina mapatano yao, na kila mwaka vijana wa kwetu wachache wanapelekwa kule kusoma chuo kikuu, wakilipiwa karo na chakula na kitanda. Walioomba mwaka ule walikuwa wengi, jina lake likatoka. Alikuwa aende kusomea ufugaji wa samaki. Kwa mtoto aliyekua ndani ya moshi wa samaki, mimi nasema alichagua vizuri. Marehemu baba yake, Constant, alikuwa mvuvi kutoka Yanonge, na mama yake anauza samaki wa kukausha sokoni mpaka leo.

Mama Angèle hakuzaliwa na siri. Alifundishwa. Mtoto wake wa kwanza, Dady, naye aliwahi kupata bourse, yake ilikuwa ya Urusi, na mama akafanya yote ambayo furaha humtuma mtu kufanya. Misa ya shukrani ilisomwa, kwaya ikamsindikiza mpaka uani, viti vya plastiki vikakodiwa, mimi nikashona sare za shangazi wote. Dady aliketi katikati amevaa koti la baridi, katika joto letu hili, jasho likimtoka na yeye anatabasamu. Maandalizi yalikula muda wote. Walipokumbuka kwamba kijana hajaomba pasipoti, siku zilikuwa zimekwisha, na nafasi akapewa mwingine. Mimi sikuona mchawi mahali popote katika kisa kile. Niliona sherehe tu. Lakini Mama Angèle aliona wachawi, na aliwaona kwenye kila kiti alichokuwa amekikodi.

Tangu siku hiyo Dady anaitwa Moscou, jina la mji wa Urusi asioufika. Anaendesha pikipiki ya abiria kule Makiso, katikati ya mji, na hata abiria asiyejua kisa humwita hivyo, akidhani ndilo jina la ubatizo. Yeye anacheka. Mama yake hakucheka hata mara moja.

Basi habari ya Chancelle ilipofika, mama alimkalisha chumbani.

"Hii mambo, hata kaka yako asijue."

"Mama, Dady iko ndugu yangu."

"Dady iko na kinywa. Na bahati yake iliharibika. Sitaki ikuguse."

Chancelle aliniambia baadaye kwamba alikubali kwa sababu mama yake alikuwa anatetemeka. Hakuwahi kumwona akitetemeka, hata kwenye mazishi ya baba yao.

Karatasi zote zilikuwa zimeshapelekwa. Kilichobaki ni kufika ofisini Makiso mwisho wa mwezi wa kumi, kutia sahihi, kuchukua tiketi na kuondoka. Mama Angèle aliona kwamba miezi ile ya katikati ndiyo ya hatari, maana msichana mwenye furaha hujulikana hata kwa namna anavyochota maji. Akampeleka Barumbu, kwa dada yake Lydie, mbali kule mto unakoshukia, mahali ambapo ukitaka kupiga simu lazima upande mti au umngoje mtu mwenye bahati. Simu ya Chancelle aliizima, akaitia ndani ya kasha lake la nguo, ili asije akapiga mtu wa ofisi na jirani akasikia. Tarehe walikuwa nayo, aliwaza, simu ya nini? Katika maisha yake yote Mama Angèle aliona tarehe zikisogezwa mbele: meli inaondoka Jumatatu, inaondoka kweli Ijumaa, shule inafunguliwa wiki hii, inafunguliwa mwezi ujao. Hakuna aliyewahi kumwonyesha tarehe inayorudi nyuma kukukuta hujajiandaa. Hata mimi sikuwa nimeiona.

Ila msichana akitoweka watu huuliza. Hapo ndipo mama alipotoa uongo wake, na kama mtu wa kazi za mikono nakiri ulishonwa vizuri. Alisema Chancelle ameolewa. Amepata bwana kule Barumbu, mchuuzi wa samaki, mtu mtulivu, mambo yalikwenda haraka. Nani angeuliza zaidi? Mtu akikuambia mtoto wake ameolewa unapiga vigelegele, humwombi ushahidi. Mtaa mzima ulichanga tukamnunulia Chancelle liputa, kitenge kizuri cha rangi ya majani, na mimi nikamshonea nguo yake, nikaacha nafasi kiunoni kwa ajili ya mimba. Mama Angèle aliipokea kwa mikono miwili, macho chini. Nikadhani ni uchungu wa kumtoa binti.

Aliyeumia ni Dady. Baba yake akiwa amekufa, yeye ndiye mkubwa. Wakwe walitakiwa waketi mbele yake, wamsalimu, wamtajie dot, yaani mahari, waliyoleta. Siku moja aliegesha pikipiki yake mbele ya baraza yangu, akakaa kwenye benchi bila kuvua kofia.

"Mama Khadija, dada yangu banamuoa na mimi siko? Dot nani alipokea?"

"Mama yako anasema ni wajomba wa kule."

"Bajomba." Alilitamka neno lile polepole. "Bon. Mimi sasa niko nani mu hii nyumba?"

Nikamkatia kipande cha kwanga, mkate wetu wa muhogo. Tangu wiki ile akaacha kula kwa mama yake. Alikuwa anapita, anaacha hela ya mchele, anaondoka. Mama alimwona anavyokonda, akaendelea na siri yake. Alikuwa anahesabu, nadhani, kwamba Chancelle akishafika Moroko, Dady ataelewa na moyo wake utarudi.

Kisha tarehe ikarudi nyuma. Watu wa Moroko walitaka wanafunzi wafike mapema kwa masomo ya kuwaandaa. Ofisi ikapiga namba ya Chancelle, haipatikani. Ikapiga tena na tena. Ofisini kulikuwa na mtu mzima mmoja anaitwa René, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata, na mtu huyu, wakati wengine wangefuta jina wakaenda kunywa chai, aliamua kumtafuta msichana kwa miguu yake. Alifika kwenye kituo cha pikipiki akauliza nani anaijua barabara yetu. Waendesha pikipiki wakamwonyesha Dady: Moscou anatoka kule kule.

Niliwaona wanakuja. René hakuwa amemtajia dereva jina, ila barabara na namba tu. Hiyo ni desturi ya kazi yao, na baadaye alitueleza sababu: ukitaja bourse kabla ya kumwona mwenyewe, familia inakuletea binamu mwenye jina lile lile. Walisimama mbele ya nyumba ya Mama Angèle, na Dady akazima injini.

"Namba hii ni kwetu, papa. Unamutafuta nani?"

René alitazama karatasi yake, akataja jina lote la Chancelle.

"Huyo iko dada yangu," Dady akasema.

"Namutaka yeye mwenyewe. Ni kwa mambo ya masomo. Iko wapi?"

Mlango ulikuwa na kufuli. Mama Angèle alikuwa ameshuka na mtumbwi wa injini kwenda Barumbu, kuchukua samaki na kumtazama binti yake. Dady aliitazama kufuli ile, kisha akamtazama mgeni, na nikaona uso wake unafunga.

"Masomo? Masomo yake ilishaisha. Balimuoa. Iko Barumbu, kwa bwana yake."

"Anaweza kufika Makiso mbele ya siku ya Ijumaa?"

"Hapana. Bwana yake hatamuacha."

"Uko sûr?"

"Papa, mimi njo mukubwa wa famille," akasema Dady, na sauti yake ilikwaruza. "Nisipojua mimi, nani atajua?"

René hakuwa mtu wa kuridhika na mdomo mmoja. Alivuka barabara, akanisalimia kwa heshima, akaniuliza mimi. Nikamwambia nilichokijua, kwamba nguo ya arusi niliishona kwa mikono hii. Akauliza na wengine wawili watatu waliokuwa wanapita, mmoja akiwa juu ya toleka, baiskeli ya kubebea abiria, na gunia la makaa, na wote wakamjibu kwa furaha, ndiyo, ameolewa, tulichanga liputa. Alikunja karatasi yake.

"Basi, tumutakie maisha mema," akasema. Nilimwona amesikitika kidogo. Akapanda nyuma ya Dady wakarudi Makiso.

Wiki iliyofuata Mama Angèle na Chancelle walirudi. Waliingia mtaani mvua inanyesha, watu wote ndani, msichana amejifunika kitambaa mpaka pua. Mama alikuwa ameamua kuwahi, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, kwa sababu watu wa Barumbu walikuwa wameshaanza kuuliza huyu mgeni ana nini. Asubuhi wakaenda ofisini wakiwa wamejifunika vile vile. Kabla ya adhuhuri niliona Mama Angèle anakuja barazani kwangu mbio, kichwa wazi, kitambaa kimebaki sijui wapi.

"Khadija, vaa viatu. Uje useme kama hakuna ndoa."

"Ndoa gani?"

"Ya Chancelle. Hakuna. Haikukuwa. Uje useme ulishona tu nguo."

Hivyo ndivyo nilivyoijua habari yote, nikiwa nimekaa nyuma ya pikipiki ya kukodi, yeye akinisimulia katikati ya mashimo na kelele, na Chancelle akitungoja ofisini peke yake. Sikumhurumia wakati ule. Niliwaka hasira. Nilikumbuka ule mfuko wa mchango ukizunguka, na jinsi hata wajane walivyotia ndani yake. Nikamwambia mficha uchi hazai.

"Na bourse ya Dady, nilificha nini?" akajibu, bila kugeuka.

Methali zangu ziliishia pale.

Mama Angèle alikuwa amempigia simu Dady pia, kwa hiyo tulikutana ndani ya ofisi sote wanne mbele ya meza ya René. Dady alisimama karibu na mlango, ufunguo wa pikipiki mkononi. Alikuwa amemwona dada yake, mwembamba, bila bwana.

René alieleza tena kila kitu, polepole, kwa ajili yetu tuliochelewa. Simu ilipigwa. Yeye mwenyewe alikuja. Mkubwa wa familia alisema ameolewa na majirani wakasema hivyo hivyo. Jina la pili kwenye orodha likaitwa, na kijana huyo ameshapanda ndege ya Kinshasa.

"Hakuna bwana, papa," akasema Mama Angèle. "Muulize huyu mushonaji."

"Naamini, mama. Naamini sasa."

"Basi mumurudishe huyo."

"Siwezi kushusha mutu mu ndege."

Chancelle aliweka mikono yake juu ya meza, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba haina kitu. "Mwaka inakuja, papa?"

René alimwuliza umri. Alimjibu. Yule mzee akatazama nje kwenye dirisha. Mapatano yana umri wake wa mwisho, alisema, na mwakani Chancelle atakuwa ameupita. Kuna bourse nyingine duniani, aendelee kuomba, lakini hii ya Moroko imekwisha kwake. Alisema hivyo vizuri, hakumdharau. Nadhani ndiyo maana iliuma zaidi.

Kisha akamgeukia mama. Hakuwa anamlaumu, alitaka tu kujua. "Lakini mama, kwa nini ulificha hivi? Ulikuwa unaogopa nani?"

"Batu."

"Batu gani?"

Mama Angèle akageuka kidogo kwenye kiti. Ndani ya chumba kile, ukimtoa mwenye ofisi, tulikuwa mwanawe, binti yake na mimi. Alitutazama mmoja mmoja, akianza na mimi, na nilihisi vibaya kutazamwa vile, kama samaki anayegeuzwageuzwa sokoni. Alifika kwa Dady, macho yake yakabaki hapo. Kisha akashusha macho kwenye mapaja yake, akaanza kukunja ncha ya kitenge chake.

Nje jua lilikuwa limetoka na barabara inafuka mvuke. Mama alitangulia mbele, anatembea upande usiokuwa wa nyumbani, nami nikamfuata ili asipotee. Lakini niliwasikia watoto wake nyuma yangu.

"Ulimuambia nini?" Chancelle aliuliza.

"Nilisema masomo yako ilishaisha."

"Alikuambia ni kwa mambo ya masomo?"

"Alisema." Dady alikuwa anazungusha ufunguo kidoleni. "Alisema kabisa. Nilikuwa na kasirani, Chancelle. Hamukuniita. Nilifikiri munaniona mimi si mutu."

"Nilitaka kukuambia."

"Ungeniambia ningekupeleka mimi mwenyewe mupaka kwa mulango ya ndege."

"Najua," akasema Chancelle. Ndipo akaanza kulia, kimya, amesimama wima. Kutoka kituo cha pikipiki mtu akaita Moscou, Moscou, kuna abiria. Dady hakuitika. Alimpandisha dada yake nyuma, akamrudisha Kabondo polepole, akikwepa kila shimo.

Mtaa ulisema, kama unavyosema. Wengine walitaka liputa lao lirudi, nikawaambia waje wanidai mimi, nami nina mkasi. Wengine walisema waziwazi ni wachawi wamefanya tena, na safari hii wakamtaja Mama Angèle mwenyewe, kwamba ndiye anayekula bahati za watoto wake. Hilo nililikata barazani kwangu, sitaki kulisikia. Mwanamke alikosea kwa hofu, na hofu ile tulimpa sisi, siku tulipoanza kumwita mwanawe Moscou. Mimi pia nilimwita hivyo. Siku hizi namwita Dady, ingawa ulimi unateleza.

Chancelle sasa anauza sokoni na mama yake na jioni anasoma kwa simu ile ile iliyotoka kashani. Nguo ya kijani anaivaa. Aliniletea nipunguze kiuno, nikakipunguza. Anaomba bourse nyingine, za nchi nyingine, na kila anayoiomba anaitangaza mtaani, mpaka wauza mandazi wanajua tarehe ya mwisho ni lini. Dady amerudi kula kwa mama yake. Anakaa karibu na mlango, lakini anamaliza sahani.

Mama Angèle ndiye simwelewi vizuri. Hakuna mgeni anayepita barabarani kwetu na mkoba asimwendee. Muuza dawa za panya, mtu wa bili ya maji, mhubiri, wote anawasimamisha. Juzi walipita watu wa chanjo ya watoto, wale wanaoandika kwa chaki kwenye milango. Msichana mmoja mwenye boksi la barafu begani akabisha kwake, akauliza kama nyumbani kuna watoto.

"Iko mumoja," akasema Mama Angèle, akipangusa mikono yake kwenye kitenge. "Chancelle. Iko hapa hapa, hakuolewa. Anafika sasa hivi, alienda sokoni."

"Iko na miaka ngapi, mama?"

Akamwambia. Msichana akatabasamu, akadhani ni utani wa wazee, akasema kwa upole kwamba miaka yake ilishapita.

"Ilishapita, najua," akasema Mama Angèle. "Lakini mutu akikuuliza, sema iko."

Msichana akasema sawa, atasema. Akatia alama yake ya chaki mlangoni, akavuka barabara kuja kwangu.